Majibu ya Kifungu cha Mwisho

Chumba cha kurudufu, shuleni
14 Septemba 1986

Mama Mdogo,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba: barua hii iwe yako peke yako. Usimsomee mwanao Jiancheng, usimsomee mkewe, na ukimaliza itie jikoni iungue. Mimi nimeajiriwa kwa muda tu. Neno moja likirudi huku shuleni, nimekwisha.

Shikamoo. Natumaini joto la Fuzhou limepungua na mjukuu wako Doudou ameacha kukohoa. Huku hatujambo. Mguu wa baba unamsumbua akipanda ngazi za kilimani, lakini hataki fimbo, anasema fimbo ni ya wazee. Mama ameshatia kabichi mitungini. Analalamika kwamba tangu ustaafu na kwenda kulea mjukuu, hakuna wa kumwambia chumvi imezidi.

Kazi yangu ni ile uliyonitafutia. Kila wiki nachonga kwa kalamu ya chuma, kwenye karatasi za nta, vifungu vitano vya ufahamu wa Kiingereza kwa ajili ya kidato cha mwisho, kisha narudufu nakala mia moja na ishirini. Maneno mengi siyaelewi vizuri, lakini herufi zangu ni safi. Mwalimu Diao, mkuu wa taaluma, huzisifu mbele ya watu.

Sasa lililonifanya niandike. Jumatano mchana, shule nzima imelala usingizi wa adhuhuri, mtu akagonga dirisha langu. Mama mmoja, kitambaa cha kijivu kichwani, viatu vimejaa vumbi la njia ndefu.

"Wewe ndiye karani wa karatasi za Kiingereza?"

"Ndiyo, mama."

"Naomba moja. Nipe iliyochafuka, nzuri mwachie mwanafunzi."

Nikamuuliza ni ya mtoto gani. Akasema, "Ya Runlan. Kou Runlan."

Unamkumbuka, Mama Mdogo, ulimfundisha miaka mitatu. Ndiye aliyekosa alama sita kwenye mchujo wa Mei, hakuandikishwa kwa mtihani wa taifa, akaenda kubeba matofali kwenye tanuri. Ukuta ulimwangukia tarehe tisa Julai, asubuhi ambayo wenzake walikuwa ndani wakifanya Kiingereza.

"Nakwenda kumchomea kaburini, moshi umfikishie," akasema mama yake. "Afanye mazoezi. Hapa alikosa kidogo tu. Huenda huko aliko wanampa mtu nafasi ya pili."

Nikampa. Amesema atakuja kila Jumatano. Nifanye nini?

Mwanao,
Suqin


Fuzhou
9 Oktoba 1986

Suqin mwanangu,

Marahaba. Doudou amepona, sasa anang'ata kila kitu, jana ameng'ata miwani yangu. Mkwe wangu ananipikia samaki kila siku mpaka naota uji wa mtama wa kwetu. Mwambie dada yangu chumvi ya kabichi apime kwa kiganja, asipime kwa hasira.

Kuhusu huyo mama, mpe karatasi zilizochafuka kama anazitaka. Karatasi ni karatasi. Usiongee naye. Mama aliyefiwa huzungumza mengi, na wewe una moyo mwepesi tangu utotoni.

Barua za ajira ya kudumu hutoka Machi. Hiyo ndiyo ya kuiwaza. Chonga herufi zako, salimia wakubwa, na usiende kufukua kile kifungu cha mwisho cha mtihani wa Mei. Mtihani ukishapita umepita.

Vaa sweta la ndani, najua hujaanza.

Mama Mdogo wako


Chumba cha kurudufu
26 Oktoba 1986

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sweta nimevaa. Baba amekubali fimbo, lakini anaishika kama ameokota tu njiani.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mno. Mimi sikukuandikia neno lolote kuhusu kifungu cha mwisho. Nilikwambia Runlan alikosa alama sita. Hicho kifungu umekitoa wapi?

Jumatano iliyopita mama Runlan alisimama dirishani kuliko kawaida. Karatasi alikuwa ameshaikunja na kuitia kifuani, lakini hakuondoka.

"Binti," akasema, "hizi karatasi majibu yake yako wapi?"

"Majibu huchapwa peke yake, mama. Huwa ni ya walimu."

"Basi ndiyo sababu." Akainama kama mtu aliyeona aibu. "Namwota. Anasimama mlangoni na karatasi zote nilizochoma, amezijaza kwa penseli. Ananiambia, mama, nani anasahihisha? Mimi sijui kusoma, nitamjibu nini?"

Akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya kuhadithia mambo ya nyumbani.

"Siku ya mchujo alirudi jioni tukachambua maharage. Akanisimulia habari iliyokuwa kwenye mtihani, ya mwisho kabisa. Mwanamke Mwingereza kasahau mwavuli kwenye treni. Nikamwambia, mwavuli mmoja ndio wameandikia ukurasa mzima? Akacheka. Akasema maswali yalikuwa matano na yote ameyapata, anajua ameyapata. Wiki mbili baadaye wakabandika majina, lake halimo. Nikampiga kofi. Nikamwambia, mwongo wewe, mwavuli umeuelewa wapi. Ndilo neno la mwisho la shule nililomwambia."

Nikampa majibu ya wiki hiyo. Akashukuru kwa mikono miwili.

Alipoondoka nilifunga mlango. Nikatoa kabatini mswada wa mtihani wa Mei, ule wa mwandiko wako, nikauweka kando ya karatasi ya majibu niliyoichonga mimi. Namba sitini na sita hadi sabini, kifungu cha mwavuli. Jibu la sitini na sita nililiruka. La sitini na saba likapanda mahali pake, na mengine yakapanda nyuma yake ngazi moja moja, na kwenye sabini nikatia jibu la sehemu inayofuata. Nakumbuka siku ile. Nilikuwa nasinzia, na kalamu ilikuwa imechoka ncha.

Maswali matano, alama mbili kila moja. Aliyepata yote alisahihishwa kwa karatasi yangu akaandikiwa sifuri.

Mama Mdogo, wewe ndiye uliyesahihisha.

Suqin


Chumba cha kurudufu
30 Novemba 1986

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mzee Fan wa getini ananitania kila asubuhi. "Suqin, unamsubiri mchumba wa jeshini? Mwambie aandike hata kwa mkono wa kushoto." Nacheka naye, kisha naingia chumbani kuchonga.

Nyumbani wazima wote. Mama anasema kabichi ya mwaka huu haina ladha.

Nitakwambia jambo, usinipeleke kwa daktari. Siku nne zilizopita, adhuhuri, nilipeleka karatasi mkondo wa tatu wa kidato cha mwisho. Wanafunzi hamsini walikuwa wamelala vichwa juu ya madawati, kama kawaida. Kabla sijafungua mlango nilisikia mtu anasoma Kiingereza kwa sauti ya chini, polepole, anarudia sentensi kila anapokwama. Alikuwa anasoma habari ya mwavuli. Hiyo habari mwaka huu haijachapwa, kundi hili halijawahi kuiona.

Nilifungua mlango. Hakuna kichwa kilichoinuka, hakuna mdomo uliokuwa ukicheza. Sauti iliendelea mpaka mwisho wa aya, ikanyamaza. Niliweka karatasi sakafuni nikaondoka.

Tangu hapo kila nikichonga majibu mkono unafika sitini na sita unasimama wenyewe. Namwomba mwalimu aniangalizie, nasema macho yangu ni mabovu. Mwalimu Diao amecheka, "Karani mwenye macho mabovu ni kama mpishi asiye na ulimi." Lakini amenitazama.

Niandikie japo mstari mmoja.

Suqin


Fuzhou
28 Desemba 1986

Suqin,

Marahaba. Nilikuwa na shughuli nyingi, Doudou anaota meno. Huku mvua haiishi na nguo hazikauki. Jiancheng amenunua redio.

Umechoka, na mtu aliyechoka husikia mengi. Kunywa maji ya moto, lala adhuhuri kama wenzako.

Wote waliokosea kile kifungu walikosea. Kilikuwa kigumu. Waliokuwa juu walibaki juu, waliokuwa chini walibaki chini. Ndivyo nilivyosema wakati ule na ndivyo ninavyosema sasa. Niliyoyafanya niliyafanya kwa ajili yako, na sitaki kuyaandika.

Ngoja Machi.

Mama Mdogo wako


Nyumbani
22 Februari 1987

Mama Mdogo,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya, ingawa imechelewa. Tumekula maandazi ya nyama siku tatu mfululizo. Baba alilewa kidogo akaimba. Mama alikuwekea bakuli lako mezani, kama tulivyozoea.

Kou Runlan ana mdogo wake, Runmei, umri miaka kumi na tano. Yuko kidato cha tatu cha sekondari ya chini, Juni anatakiwa kufanya mtihani wa kuingia kwetu. Jumatano mama yao alikuja dirishani, na safari hii hakuomba karatasi.

"Wewe una mwandiko mzuri," akasema. "Niandikie barua ya kumtoa Runmei shule. Baba yake amesema. Tulimsomesha mmoja miaka kumi na mbili akatuletea uongo, hatusomeshi wa pili. Baada ya siku ya kusafisha makaburi mwezi wa nne anakwenda tanurini."

"Tanuri lipi, mama?"

"Tuna tanuri ngapi huku? Ni lile lile."

"Na wewe unataka aende?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama anataka jua lichwe. "Nitamjibu nini baba yake? Kwamba aliyekufa alikuwa na akili? Kwa ushahidi gani?"

Nilimwambia nitaandika, anipe muda. Ni mara ya kwanza nimemdanganya kwa makusudi.

Mwalimu Diao ameninong'oneza kwamba jina langu limepita, barua ya ajira itasomwa mwishoni mwa Machi. Nilisema asante.

Nimeingia kwenye kabati la mitihani. Karatasi za wanafunzi za mchujo wa Mei zimefungwa kwa uzi mwekundu, na kwenye jalada umeandika mwenyewe mia moja na kumi na mbili. Nimezihesabu mara tatu. Ziko mia moja na kumi na moja. Ya Runlan haimo.

Sikuulizi tena kuhusu meno ya Doudou wala mvua. Karatasi yake iko wapi?

Suqin


Fuzhou
18 Machi 1987

Suqin mwanangu,

Ninayo mimi. Nimekuwa nayo tangu Juni, chini ya nguo za baridi ambazo huku hazivaliwi.

Orodha ya walioteuliwa ilikuwa bado iko mezani kwa Mwalimu Diao, inangojea siku mbili ipelekwe mkoani. Nilikuwa nafunga zile karatasi nikaona yake. Kou Runlan hakuwa mtoto wa kukosa maswali matano kati ya matano. Alikuwa akikosa moja, ananuna, anaandika kosa lake kwenye daftari lake la makosa mara kumi. Nikachukua mswada wangu nikalinganisha. Sikuhitaji hata kufika la tatu.

Nilisimama na ile karatasi mkononi. Kutoka pale mpaka ofisi ya Diao ni hatua arobaini, nimezipiga miaka ishirini na sita. Nikafikiria kwamba wewe ndio kwanza umemaliza miezi minane kazini, na mimi ndiye niliyekuombea kazi. Nikafikiria pia, na hili sikutaka kuliandika, kwamba nilikuwa nastaafu baada ya wiki tano na walikuwa wanatayarisha bango la kunishukuru. Mwalimu asiyewahi kukosea, ndivyo lilivyoandikwa. Nikajiambia atarudia mwaka, ni msichana mwenye nguvu, atapita mwakani. Nikaikunja.

Tarehe tisa Julai nilikuwa msimamizi kwenye chumba cha mtihani. Kulikuwa na dawati moja tupu. Kila nilipopita hapo nilisikia penseli ikiandika.

Nimekuja huku mbali kuliko ilivyohitajika. Jiancheng hakuniita, niliomba mwenyewe.

Karatasi yake imo humu ndani. Nimeisahihisha upya kwa wino mwekundu na nimejumlisha: alikuwa juu ya mstari kwa alama nne. Nimeandika ukurasa mmoja kueleza kilichotokea na nimegonga muhuri wangu. Nimeandika kwamba niliyeficha ni mimi. Kosa la kuchonga ni lako, hilo sikuliweka, wala sikuliondoa. Mahali pake nimepaacha wazi. Uamuzi ni wako.

Ukipenda kuichoma yote jikoni, ichome. Sitakuuliza kamwe.

Mama Mdogo wako


Kijiji cha Kou
19 Aprili 1987

Mama Mdogo,

Shikamoo. Baba na mama hawajambo, ila mama hajasema nami tangu juma lililopita.

Barua yako ilifika siku mbili baada ya barua ya ajira. Niliziweka zote mbili kwenye droo moja. Siku ya kusafisha makaburi niliomba ruhusa, nikapanda kilimani kwa miguu tangu asubuhi. Mahali ulipopaacha wazi nilikuwa nimepajaza, kwa herufi zangu safi, nikaandika jina langu.

Runlan hakuzikwa pamoja na wazee wao, maana hakuolewa. Yuko peke yake chini ya ukingo, karibu na shamba la ngano. Baba yake alikuwa anang'oa magugu, Runmei ameshika chungu cha moto, na mama yao anapanga karatasi za Kiingereza, zile nilizompa.

Nikasema nina barua ya shule. Baba akasema, "Ya kumtoa mdogo? Isome basi, tumalize."

Nikasoma yako, yote. Kisha nikasoma sehemu yangu. Kisha nikamwonyesha Runmei ile karatasi, yeye anajua namba, nikamwambia asome wino mwekundu kwa sauti.

Akasoma jumla. Akasoma tena. Baba yake aliketi pale pale kwenye udongo.

"Rudia ule mwavuli," mama akaniambia. "Maswali mangapi?"

"Matano, mama."

"Alipata mangapi?"

"Yote matano."

Alinijia. Nilifikiri atanipiga na nilitaka anipige. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaitazama ilhali hajui kusoma, akapitisha kidole kwenye kila mstari wa penseli. Kisha akapiga magoti kwenye lile rundo la udongo, akaweka shavu chini, ule upande wa uso ambao kwa binti yake aliupiga kofi. Akasema maneno ambayo sikupaswa kuyasikia, kwa hiyo siyaandiki.

Hakuichoma. Nilidhani angeichoma. Aliitia kifuani.

Baba alikuwa wa kwanza kunizungumzisha. "Mtihani wa huyu ni lini?"

"Juni, tarehe kumi na nne."

"Anapita?"

"Hesabu anaweza. Kiingereza hajui kitu."

"Mimi najua kidogo," Runmei akasema. Baba yake akamwambia anyamaze, lakini hakumwambia kwa ukali.

Ndipo mama akainuka. Hakunitazama. Alimwambia mumewe, kana kwamba mimi sipo, "Huyu atakaa kwetu. Atalala ghalani. Atakula tunachokula. Atamfundisha mpaka Juni, na kila karatasi atasahihisha mara mbili mbele yangu. Baada ya hapo aende anakotaka."

Jumatatu nilikwenda kwa Mwalimu Diao na nakala ya ukurasa wako. Alifunga mlango, akaniuliza kama nimerukwa na akili, akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema, kijiji kizima. Barua ya ajira niliiacha mezani kwake, hakunirudishia. Mzee Fan alinifungulia geti, akataka kutania, akashindwa.

Sasa niko hapa. Adhuhuri, wote wakilala, Runmei hukaa kizingitini anasoma kwa sauti ya chini. Ukiwa ghalani unasikia sauti mbili. Moja inatangulia kidogo na kungoja pale mtoto anapokwama. Nilimuuliza mama yake kama anaisikia hiyo ya pili. Aliendelea kuchambua maharage, akasema, "Naisikia siku nyingi."

Nakuandikia nikijua utataka kujibu, au kuja. Ukiandika, usitumie anwani ya shule. Andika: Geng Suqin, kupitia duka la ushirika la njia panda, kijiji cha Kou. Mwenye duka hupeleka barua siku za gulio, tarehe tatu, sita na tisa. Ukija mwenyewe, shuka basi kwenye daraja la pili, la kwanza limevunjika, kisha panda na njia ya ngano upande wa kushoto mpaka uone mlango wenye pazia la buluu. Usigonge dirisha. Simama uani, taja jina lako kamili, na ungoje kuitwa.

Usiandike chochote ambacho ungeogopa kisikiwe. Barua zangu zote husomwa kwanza mbele ya mama Runlan.

Suqin